Stargate SG-1 au Babylon 5?

Hapa Kampala ubishi huu juu ya tamthilia mbili za televisheni za anga za juu hauishi. Kwa bando, Babylon 5 (1993–1998) ni nafuu: misimu 5, vipindi 110. Stargate SG-1 ina misimu 10, vipindi 214, ila visa vyake vingi huisha ndani ya kipindi hichohicho. Umeme ukikatika, hujapoteza mengi. Babylon 5 ukiruka kipindi, umepotea.

Kwa visasili, SG-1 inachota miungu ya Misri ya kale waziwazi: Apophis, Anubis. Lakini moyo wangu uko kwa Sheridan, nahodha wa kituo cha angani katika Babylon 5, anayetumbukia shimoni kwenye sayari ya Z'ha'dum, akafa, akarudi. Namwona Kintu, mtu wa kwanza katika hadithi za Baganda, akijaribiwa kwa Ggulu, mungu wa mbinguni: kundi la ng'ombe mbele yake, nyuki akimwonyesha ng'ombe aliye wake. Wote wawili huokolewa na msaada wasioutarajia.

Unatazama peke yako usiku? Babylon 5. Sebuleni, ndugu wakiingia na kutoka? SG-1.