Springi mpya na oili mpya kwenye shokapu za mbele: kila kimoja kina kazi yake

Ndugu watazamaji, habari zenu, na karibuni tena. Mezani hapa nina springi zilizokuja na pikipiki kutoka kiwandani, seti ya springi za progresivu, yaani zinazozidi kuwa ngumu kadiri zinavyokandamizwa, na seti ya springi za linea, ambazo ugumu wake ni uleule mwanzo hadi mwisho. Zote zimeingia kwenye shokapu zilezile za milimita 41, kwenye pikipiki ya barabarani ambayo shokapu zake hazina hata skrubu moja ya kurekebisha. Niseme mapema ili asiye na muda asihangaike: nimebaki na za linea. Ila kama hujui kwa nini, unaweza kununua springi nzuri kabisa na bado usiridhike, kwa hiyo tuliza moyo twende pamoja.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni haya: nikikamata breki, pua ya pikipiki inazama mpaka chini, nikipita kwenye shimo, shokapu inagonga mwisho, ko! Na ushauri anaopewa mtu huyo karibu kila mahali ni kwamba aweke oili nzito. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Springi kazi yake ni kubeba uzito. Oili kazi yake ni kutawala mwendo, yaani shokapu ishuke kwa kasi gani na irudi juu kwa kasi gani. Ukikaa juu ya pikipiki iliyosimama, itashuka mpaka mahali springi inapoweza kukushikilia, hata uweke oili nzito kama asali. Oili nzito itachelewesha kufika hapo, basi. Na ukiingia barabara yenye matuta madogo yanayofuatana, shokapu iliyojaa oili nzito inapigwa na tuta la pili kabla haijamaliza kurudi kutoka la kwanza, la tatu linaikuta chini zaidi, na mwishowe unaendesha pikipiki iliyochuchumaa. Wewe unasema springi zimekuwa ngumu, kumbe shokapu imenasa chini.

Kuna jambo la pili, na hili linahusu shokapu za fimbo ya dampa, ambazo ndizo nyingi kwenye pikipiki za kawaida. Ndani hakuna vali za kisasa. Kuna fimbo yenye matundu, na oili inalazimishwa kupita humo. Chukua bomba la sindano lililojaa maji: ukilisukuma taratibu maji yanatoka bila shida, ukilisukuma kwa nguvu ghafla linagoma. Shokapu hizi ziko hivyohivyo. Kwenye tundu la namna hii, kasi ikiongezeka mara 2, ukinzani unaongezeka karibu mara 4. Ndiyo maana pikipiki hiyohiyo inazama ovyo ukifunga breki, kwa sababu huo ni mwendo wa polepole, halafu inakupiga mikono ukikanyaga ukingo mkali wa lami, kwa sababu huo ni mwendo wa kasi. Ukiweka oili nzito unapata nafuu ndogo kwenye breki, unalipa kwa viganja vyako kwenye kila ukingo.

Sasa tuingie kwenye springi. Ugumu wake huandikwa kwa kilo kwa milimita, au kwa nyutoni kwa milimita. Hizi za linea ni 0.85, maana yake kila springi inahitaji gramu 850 ili ijikunje milimita 1. Ukiona namba kama 8.3 usishtuke, ni ileile kwa nyutoni. Shokapu ni mbili, kwa hiyo pamoja ni kilo 1.7 kwa kila milimita. Zile za kiwandani tuzichukulie 0.70, pamoja 1.4.

Tupige hesabu ya haraka. Tuseme uzito unaoangukia mbele, wa pikipiki pamoja na wewe, ni kilo 100. Gawa kwa 1.4, unapata kama milimita 71. Springi huwa imekandamizwa kidogo tangu inapofungwa, tuseme milimita 20, kwa hiyo toa hizo: inabaki 51. Kama shokapu ina mwendo wa milimita 120, yaani umbali wote inaoweza kushuka, umeshatumia zaidi ya asilimia 40 na hujagusa breki! Fanya hivyohivyo kwa 1.7: inakuja kama 59, toa 20, unabaki na 39. Hiyo ni kama theluthi moja ya mwendo. Nimeacha kando hewa iliyomo ndani, msuguano, na ule mwegemeo wa shokapu, lakini picha umeipata. Kwa pikipiki ya barabarani, mwendo unaotumika ukiwa umeikalia ukiwa kati ya robo na theluthi, uko pazuri.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima. Nisogeze kamera hapa. Nimefunga kamba ndogo ya plastiki kwenye bomba linalong'aa, ikabana kiasi cha kuteleza kwa shida. Kwanza pikipiki inyanyuliwe mpaka tairi la mbele liache ardhi, upime umbali kutoka kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, hadi kwenye kishikio cha chini, yaani cha chini kati ya viwili vinavyoshika shokapu hapo kwenye usukani. Halafu ikalie ukiwa na nguo zako zote za safari, helmeti kichwani, mtu wa pili apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo unayoitafuta. Kwa kuwa sili na bushi zina msuguano, ibonyeze pikipiki iachie ipande taratibu, pima, kisha inyanyue kidogo iachie ishuke taratibu, pima, chukua wastani. Na ile kamba iache palepale uende barabarani. Ukirudi itakuonyesha shokapu ilishuka hadi wapi kwenye breki kali.

Mtu ataniuliza, si niongeze tu spesa, kile kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi, niikandamize zaidi? Utainua pua, ndiyo. Ila springi ya 0.70 itabaki 0.70. Umebadilisha mahali pa kuanzia tu, na ukizidisha, pikipiki inafika juu kabisa kila ikipita bonde dogo, unasikia inagonga upande wa juu. Spesa ni ya kurekebisha mwisho mwisho, baada ya kupata springi inayolingana na uzito wako.

Hebu ziangalie hizi mbili zikiwa pamoja. Ya linea, pete zake zimeachana sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya progresivu, upande huu pete zimebanana, upande huu zimeachana. Inavyokandamizwa, zile zilizobanana zinakutana zinajifunga, zinabaki zile ngumu. Kwa maneno yanavutia: laini kwenye matuta madogo, ngumu kwenye mashimo. Na kwa mtu anayepanda peke yake leo, kesho na abiria na mizigo, ninaielewa kabisa. Hyperpro wamejenga jina lao kwenye springi za namna hii, na seti zao za shokapu huja na oili yake, jambo ninalolipenda maana linakuondolea kubahatisha. YSS nao wapo. Upande wa linea kuna Race Tech na Öhlins.

Kwa nini basi mimi nimechagua linea? Kwa sababu ile sehemu laini ya progresivu mara nyingi inaliwa na uzito wa pikipiki na mpandaji kabla safari haijaanza. Na oili ni moja. Oili inayofaa kurudisha springi laini taratibu haifai kuizuia hiyohiyo ikishakuwa ngumu. Nilivyoisikia barabarani, ya progresivu ilikuwa inateremka haraka mwanzo wa breki, halafu inasimama ghafla. Ya linea inashuka kwa kipimo kinachotabirika. Ukiongeza breki kidogo, inashuka kidogo. Ukiwa unaingia kona huku bado unaachia breki, utulivu huo una thamani kubwa kuliko ulaini wa kwenye matuta madogo. Hayo ni maoni yangu, na nayasimamia.

Haya, oili. Tazama rangi ya iliyotoka. Oili mpya ilikuwa nyekundu inayopitisha mwanga. Hii ni kijivu kama maji ya saruji, na inanuka vibaya kama samaki aliyekaa. Nikiimimina polepole kwenye mwanga unaona chembe zinametameta. Hizo ni bushi zinazoisha na springi inayosugua ukuta wa bomba. Oili ya injini ina filta, hii haina. Uchafu wote unazunguka humo humo, na pikipiki nyingi zinafika uzee bila mtu kuigusa. Ndiyo maana nasema, kama hela haitoshi kwa vyote, anza na oili. Unaweza kupata pikipiki nyingine kabisa kwa chupa moja.

Kazi yenyewe. Pima kwanza bomba limechomoza kiasi gani juu ya kishikio cha juu, andika. Legeza bolti ya kishikio cha juu, kisha legeza kifuniko cha shokapu robo mzunguko wakati shokapu bado imeshikwa na kishikio cha chini, maana ukishaitoa nje utahangaika kuishika. Ukitoa kalipa, kile kibanio cha diski ya breki, ifunge kwa kamba, isining'inie kwa mpira wake wa breki, na hendo la breki usiliguse. Halafu hapa nakuomba unisikilize vizuri: chini ya hicho kifuniko kuna springi iliyokandamizwa. Vaa miwani, weka uzito wa mkono juu yake, fungua nyuzi za mwisho taratibu, na uso wako usiwe juu yake kamwe. Inaruka kwa nguvu.

Pindua, mwaga, pampu mpaka iishe, suuza kwa oili mpya kidogo, mwaga tena. Oili chafu iweke kwenye dumu pamoja na ya injini, usiimwage chini. Kama sili zinavuja, huu ndio wakati wa kuzibadilisha, kwa sababu oili ikifika kwenye diski ya breki hutasimama tena.

Kujaza ndiko kunakotaka subira. Springi ikiwa nje, jaza, pampu polepole mpaka mapovu yaishe na uhisi ukinzani ule ule mwendo mzima, acha itulie. Kisha ishushe shokapu mpaka mwisho wake, isimame wima, na upime kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi usawa wa oili. Hicho ndicho kipimo kinachoaminika, kuliko mililita za kwenye chupa, kwa kuwa daima kuna oili ya zamani iliyobaki ndani. Kipimo kamili fuata kitabu cha pikipiki yako au karatasi ya springi. Mara nyingi utakuta kati ya milimita 100 na 150. Mimi natumia bomba la sindano lenye mpira mwembamba uliowekewa alama: najaza kuzidi kidogo, kisha navuta mpaka linyonye hewa.

Usipuuze nafasi hiyo ya hewa, maana nayo ni springi. Ukipandisha oili kwa milimita 10, ambazo kwenye bomba la ukubwa huu ni kama mililita 10 au 11 tu, hewa inabanwa zaidi na mwisho wa mwendo unakuwa mgumu. Inasaidia kama bado unagonga mwisho. Ukizidisha, hewa haina pa kwenda, inasukuma sili nje.

Na uzito wa oili? Namba kama 10W isikudanganye. 10W ya kampuni moja inaweza kuwa nzito kuliko 10W ya jirani yake. Geuza chupa au tafuta karatasi yake ya vipimo, soma sentistoksi, kipimo halisi cha uzito wa oili, kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, ulinganishe hizo. Springi ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kupanda kidogo ni sawa. Kuruka kutoka 10 hadi 20 kwa tumaini la kuzuia kuzama, tumeshaliongelea.

Ukirudisha, usikaze bolti inayobana ekseli mpaka uwe umeishusha pikipiki na kuipampu mbele kwa nguvu huku umeshika breki, ili miguu miwili ya shokapu ijipange yenyewe. Ukikaza mapema shokapu inajibana na utailaumu springi bure. Pia kumbuka, pua sasa imekaa juu zaidi, kwa hiyo usukani unaweza kuhisi mzito kidogo kugeuka. Kupandisha mabomba milimita 5 kwenye vishikio kulinitosha, ila hakikisha tairi na madigadi havitagusa chochote shokapu ikishuka mwisho.

Wanaobaki na ukali kwenye kingo hata baada ya haya yote, dawa yao ni vali ndogo inayokaa juu ya fimbo ya dampa, kama Gold Valve ya Race Tech. Inahitaji kutanua matundu ya fimbo, na ukishatoboa hakuna kurudi. Nataka kuifunga kwenye shokapu hizihizi na springi hizi za 0.85, na nitawaonyesha ikiwa imefunguliwa.

Kwa sasa niandikieni hapo chini uzito wenu mkiwa na nguo za kupandia, mwendo wa shokapu zenu, na ile kamba ya plastiki imesimama wapi baada ya breki kali. Nikiwa na hayo matatu naweza kukwambia kama unahitaji springi au chupa ya oili tu.