TAHADHARI: Nyusi za ofa huku Sinza, msidanganywe na picha ya siku ya kwanza

Dada zangu, hii nilitakiwa niiandike miezi mitatu iliyopita. Aibu ilinizuia. Nimekuwa nikienda kazini na mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, nikiulizwa nasema jua linaniumiza kichwa. Lakini jana binti mmoja wa ofisini kwetu kanionyesha simu yake. Kaka yake anaoa mwezi ujao, na yeye keshatuma advansi ya kufanya nyusi. Nilipotazama ule ukurasa, jina ni jipya, watu ni wale wale walionifanyia mimi. Nimeona nikikaa kimya sasa itakuwa dhambi.

Nazungumzia nyusi za kudumu. Wengine wanaita tatuu ya nyusi, saluni wanaita maikrobledi. Unachorwa vinyweleo kimoja kimoja kwa wino ndani ya ngozi, unapumzika na wanja mwaka mzima au zaidi. Kazi yenyewe siipingi. Nina rafiki alifanyiwa na mtu anayeijua kazi, huu ni mwaka wa pili, na ukimwona huwezi kujua. Ninaowapinga ni hawa wanaotenga chumba nyuma ya saluni ya kusuka, wanaweka kitanda na taa ya duara, wanaanza kukata watu nyuso.

Niliwapata kwa tangazo. Sehemu mbili nilizokuwa nimeulizia kabla walitaka laki mbili na nusu na laki tatu. Hawa wakasema elfu sabini, ofa ya wiki hii tu, wino wa Korea, mtaalamu amesomea nje. Nikaandika kuuliza, majibu yakaja mbio mbio: "karibu mpenzi", "nafasi zimebaki mbili mpenzi", "tuma nusu tukushikie". Nikatuma elfu thelathini na tano. Ujumbe wa M-Pesa ukaleta jina la mwanaume lisilohusiana na saluni wala na dada niliyekuwa nachati naye. Nilitakiwa nisimame hapo hapo. Sikusimama, kwa sababu sendofu ya mtoto wa dada yangu ilikuwa Jumamosi na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mtu anayejua kazi yake angenikatalia kwa hilo tu, maana siku ya nne au ya tano ndipo ukoko unapokuwa umekolea.

Jumanne nilipofika, mtaalamu hakuwepo. "Amesafiri, ila huyu ni mwanafunzi wake, mkono wake mwepesi." Binti mdogo, mpole. Tulipokuwa tunaongea aliniambia mwenyewe kwamba alifundishwa siku mbili. Hakuniuliza kama nina mimba au nanyonyesha, kama nina kisukari, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda au vidonge vya chunusi. Na sikio langu la kushoto lina kovu lililovimba, ukubwa wa punje ya mahindi, tangu nilipotobolewa nikiwa darasa la sita. Alilisogeza kwa kidole ili abane nywele, akaendelea. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, kovu kama hilo ndilo lilitakiwa limsimamishe kabla ya yote. Ngozi iliyovimba ilipotobolewa inaweza kuvimba tena popote itakapokatwa.

Sasa niwaeleze nilichokiona juu ya meza, tafadhali mlisome hili taratibu. Kifaa chenyewe ni kishikio kama kalamu. Mbele kinachomekwa kijiwembe chembamba, ambacho ukikitazama kwa karibu ni sindano ndogo ndogo zimepangwa safu moja kama meno ya kitana. Kijiwembe hicho ni cha mtu mmoja, kinatumika mara moja kisha kinatupwa. Kinakuja kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe. Changu hakikutoka kwenye pakiti. Kilikuwa tayari kwenye kishikio, kimesimamishwa ndani ya glasi ya maji ya bluu, yale ya kulowekea vifaa vya kucha. Alipokitoa kikichuruzika maji, kwenye shina la zile sindano niliona kitu cheusi kimegandia. Nikamwuliza. Akasema, "Tunachemsha dada, usijali." Nikalala. Hilo najutia kuliko pesa.

Mama aliponiona wiki ile alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akasema, "Mwanangu, hizi ni chale." Na ni kweli, ni chale. Sisi tumekua na mabango na matangazo ya redio ya UKIMWI yakituambia tusichangie nyembe wala sindano. Hakuna kati yetu atakayekubali kuchanjwa kwa wembe uliotoka kumchanja jirani. Ila ukiwekewa muziki laini na mtu akakuita mpenzi, unasahau kwamba ngozi inakatwa vile vile. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Ile glasi ya bluu haikuwa kinga ya chochote.

Kisha ganzi. Krimu nyeupe kwenye kikopo kisicho na lebo, akapaka, akafunika na nailoni kama nusu saa. Alipoanza kukata, damu ikatoka nyingi mpaka pamba zikajaa kwenye sahani. Kazi nzuri hutoa vitone tu, kwa sababu wino unatakiwa ukae juu juu, na damu ikianza kutiririka ujue mkono umezama. Nikamwambia inauma. Akachukua krimu ile ile akaipaka tena, safari hii juu ya mikato mibichi, na akarudia hivyo mara tatu. Nikasikia midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, moyo unakwenda mbio. Wakaniletea soda.

Daktari ndiye aliyenieleza baadaye kwamba dawa ya ganzi ikipakwa kwenye ngozi iliyokatika huingia kwenye damu haraka, na ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kumtia mtu degedege. Machi 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu kuhusu krimu za ganzi zinazouzwa kwa ajili ya tatuu na kazi za urembo zikiwa na lidokeni, yaani dawa yenyewe ya ganzi, zaidi ya asilimia 4. Kikopo kisicho na lebo utajuaje kina asilimia ngapi?

Alipomaliza akafuta, akanisimamisha mbele ya taa ya duara, akapiga picha nyingi. Nawaambia ukweli, zilipendeza. Nyeusi, zimekaa sawasawa, kila unyweleo unaonekana. Nikalipa elfu thelathini na tano iliyobaki, nikamwongeza na elfu tano kwa furaha.

Utapeli wao wote umejificha hapa. Dakika kumi baada ya kazi, nyusi hupendeza hata zikiwa zimeharibiwa. Wino ni mbichi, ngozi imevimba kidogo na kujaa, mistari iko wazi. Kazi halisi huonekana baada ya wiki 4 hadi 6, ukoko ukishatoka na ngozi ikishafunga. Ngozi ya mafuta hutawanya mistari haraka zaidi, na kwa joto hili la Dar wengi wetu ndizo ngozi zetu. Nimeurudia ukurasa wao kuanzia juu mpaka chini, picha zaidi ya mia moja, zote ni za siku ile ile, wekundu bado uko pembeni ya nyusi. Hakuna hata mteja mmoja aliyepigwa picha baada ya mwezi. Kila mtu anaangalia kama picha ni nzuri. Angalieni picha ni ya lini.

Alhamisi kope zilivimba. Ijumaa yakaanza kutoka maji ya njano. Nikawatumia picha, wakajibu, "kawaida mpenzi, paka mafuta." Sendofu nilikaa na kilemba nimekivuta mpaka machoni, sina picha hata moja na mtoto wa dada yangu. Siku ya tisa ukoko wa kulia ukatoka pamoja na kipande cha ngozi. Nikapiga simu. Wakasema nije kwa marudio, elfu hamsini.

Marudio ni sehemu ya kazi yenyewe. Wanaojua huyapanga wiki ya 6 hadi ya 8 na hukuambia mapema kama yamo kwenye bei au hayamo. Hawa walitaka kupitisha wembe juu ya kidonda cha siku tisa, na ile elfu sabini ilikuwa chambo tu. Nikaomba warudishe hela yangu. Muda huo huo nikafungiwa WhatsApp, na Instagram pia.

Siku iliyofuata nikaenda hospitali. Nikapewa antibiotiki, nikapimwa VVU na homa ya ini B na C. Majibu ya siku ile hayawezi kukuambia chochote kuhusu wembe wa wiki iliyopita, ndiyo maana vipimo hurudiwa. Kilichonikata maini ni daktari kuniuliza, "Mbona hukuja ndani ya saa 72?" Kuna dawa za kinga dhidi ya VVU anazopewa mtu aliyechomwa na kitu chenye damu ya mwingine, na lazima zianze ndani ya saa 72. Sikujua kama saluni nayo inahesabika. Kama wewe unayesoma umefanyiwa juzi au jana na una shaka na ule wembe, acha kusoma hapa, nenda kituo cha afya sasa hivi ueleze kila kitu bila kuficha. Ulizia na chanjo ya homa ya ini B, wengi wetu watu wazima hatukuipata utotoni.

Nimerudia vipimo wiki iliyopita. Alhamdulillah, niko salama. Ile miezi mitatu ya kusubiri simwombei mtu yeyote. Nililala chumba kimoja na mume wangu tukiwa tunaogopana.

Kilichobaki ni sura. Wino uliozama sana hauonekani mweusi wala kahawia, unaonekana bluu ya kijivu, kama alama ya kipigo iliyoanza kupona. Nyusi ya kulia imeacha kovu lililoinuka, nikipitisha kidole nalisikia. Nilifikiri leza itafuta yote. Kliniki ya ngozi wakanieleza kwamba wino mwingi wa nyusi una madini ya chuma, na ukipigwa leza unaweza kugeuka mweusi zaidi badala ya kufifia, kwa hiyo lazima wajaribu sehemu ndogo kwanza. Na kwa ngozi nyeusi si kila leza inafaa, nyingine huacha mabaka. Ni vipindi kadhaa, na kipindi kimoja tu kinazidi ile elfu sabini.

Kwa ambaye bado anataka kufanya, mwambie anayekufanyia afungue pakiti ya kijiwembe mbele ya macho yako, wewe ukiwa umekaa, hujalala. Akikasirika, ondoka, hata kama umeshatoa advansi. Omba picha za wateja baada ya miezi miwili, wenye ngozi kama yako. Apake wino kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla, aone kama ngozi inaukataa. Asome nawe jina la ile krimu ya ganzi kwenye kopo lake. Pesa iende kwa jina la biashara na upewe risiti. Mwenye kovu la kuvimba popote mwilini, mimi nakuomba kama ndugu yako, baki na wanja.

Malalamiko yangu nimeyapeleka Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo niliyoyahifadhi na picha nilizojipiga kila siku. Suala la dawa ya ganzi isiyo na lebo nimeliandikia TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa nchini. Ndiyo maana jina silitaji hapa, na hata nikilitaja halitawasaidia, wameshalibadilisha mara moja na watalibadilisha tena.

Ila kuna picha wameibandika juu kabisa ya ukurasa mpya. Imekatwa kuanzia kwenye paji la uso mpaka puani, huoni ni nani. Nyusi ni nyeusi, zimekaa sawasawa, na kwa pembeni linaonekana sikio la kushoto lenye kovu kama punje ya mahindi. Chini wameandika kwamba mteja ameridhika. Hiyo ndiyo picha aliyonionyesha yule binti jana, akaniambia, "Dada, mimi nataka kama hizi." Nikafunga mlango wa ofisi, nikavua mtandio.