ESMA, Buenos Aires: nendeni, na msiende mbiombio

Kama una siku moja tu Buenos Aires, ahirisha mengine uende ESMA, ile iliyokuwa shule ya ufundi ya jeshi la majini pale Avenida del Libertador, sasa hivi ni makumbusho. Kuingia bure. Mi nimeenda mara mbili, maana mara ya kwanza nlilipia ziara ya jiji kwa kampuni moja ya utalii, sitaitaja, wakatupa dakika ishirini, dereva anapiga honi nje na sisi ndo kwanza tunapanda ngazi za kwenda darini mahali watu walikuwa wanalazwa na pingu miguuni. Iliniuma sana. Kesho yake nkarudi peke yangu nkakaa karibu masaa manne, na hata hayo sidhani kama yalitosha.

Kwa wasiojua, wanajeshi walitawala Argentina kuanzia 1976 mpaka 1983, na kwenye jengo hili lilikokuwa bweni la maofisa walipitishwa watu kama 5,000, wengi wao hawajaonekana tena. Walikuwa wanateswa chini kwenye besimenti, wanafungwa juu darini sehemu inayoitwa Capucha, yaani kofia ya kufunika uso, kwa sababu walikuwa wanafunikwa vichwa muda wote, halafu ikifika zamu yao wanadungwa sindano ya usingizi, wanapakiwa ndegeni na kutupwa baharini wakiwa hai. Ofisa mmoja wa jeshi hilohilo, Adolfo Scilingo, alikuja kukiri hadharani mwaka 1995. Sasa kitu kilichonishinda kabisa ni kwamba maofisa walikuwa wanalala ghorofa za katikati. Wanapishana na wafungwa kwenye ngazi hizohizo. Na mkurugenzi alikuwa na nyumba yake ndani ya jengo hilohilo, mtoto mmoja rafiki wa binti yake alikuja kucheza akaona dirishani mwanamke amefunikwa kichwa na amefungwa minyororo, akaja kuyasema hayo mahakamani kwenye ile kesi ya majenerali ya 1985.

Uwanja wa River Plate hauko mbali na pale. Fainali ya Kombe la Dunia 1978 ilichezwa hapo, Argentina wakaifunga Uholanzi 3-1, na wafungwa walikuwa wanasikia kelele za magoli. Nlisimama pale darini nkawa nafikiria hilo tu, nkashindwa kusogea.

Ukiingia usitegemee masanamu ya nta wala vyumba vilivyopambwa. Vyumba vingi ni vitupu, kuta zimeachwa zilivyo, na ukiangalia vizuri utaona mabango na skrini zote zimesimama zenyewe mbali na ukuta, hakuna msumari uliopigwa, kwa sababu jengo lenyewe ni ushahidi wa kesi. Kuna sehemu wanakuonesha ilipokuwa ngazi ya kushuka besimenti. Jeshi liliiondoa 1979 wakati tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika inakuja kukagua, ili waliotoka hai wakielezea jengo waonekane waongo, na wafungwa wenyewe wakahamishiwa kisiwani huko Tigre mpaka wageni waondoke. Lakini alama ya ile ngazi bado ipo! Usipite bila kuiangalia, tafadhali.

Na jengo hili lilikuwa livunjwe. Mwaka 1998 rais Carlos Menem alitoa amri libomolewe, paoteshwe majani na kuwekwa mnara wa umoja wa kitaifa. Ndugu wa waliopotezwa wakakimbilia kortini, hoja yao ni kwamba wana haki ya kujua watu wao walifanywa nini, na ukibomoa jengo umebomoa ushahidi. Wakashinda. 2004 serikali ikatangaza pawe mahali pa kumbukumbu, makumbusho yakafunguliwa 2015, na 2023 UNESCO wakaingiza kwenye urithi wa dunia. Mwisho wa mzunguko kuna ukumbi mkubwa, maofisa walikuwa wanapangia humo nani akamatwe, sasa ukutani zinapita sura za waliohukumiwa. Kesi kubwa iliisha Novemba 2017, watu 29 wakapata kifungo cha maisha. Miaka arobaini baadaye lakini walihukumiwa.

Chumba cha wajawazito kiko juu, kidogo tu. Wanawake walijifungulia humo ndani, watoto wakachukuliwa wakapewa watu wengine na mama zao wakauawa. Bibi zao ndo wakaanza kuwatafuta, wakawaomba wanasayansi njia ya kupima undugu kwa damu ya bibi na babu tu kwa kuwa wazazi hawapo, 1987 ikaanzishwa benki ya taifa ya vinasaba, na mpaka leo wameshapatikana wajukuu zaidi ya 130. Wengine wamejua majina yao ya kweli wakiwa na miaka arobaini na kitu. Hapo nlilia, sifichi.

Ushauri wangu: usiende na watoto wadogo, usijaze ratiba na kitu kingine mchana huo, na panga iwe Jumatano ili Alhamisi uende Plaza de Mayo, ule uwanja wa wazi katikati ya jiji, saa tisa na nusu alasiri. Akina mama wa waliopotezwa walianza kukutana pale Aprili 1977, polisi wakawaambia ni marufuku kusimama kwa kundi, wakaanza kutembea wawili wawili kuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja, na bado wanazunguka. Azucena Villaflor aliyewakusanya alitekwa Desemba mwaka huohuo akaletwa ESMA. Bahari ilimrudisha, akazikwa kama mtu asiyejulikana, mpaka 2005 wataalamu wa mifupa wakamtambua, majivu yake yakazikwa hapohapo uwanjani chini ya mnara. Ukifika uliza, watakuonesha.