Kasha la mazimwi ya Universal: nyota nne, na ya tano nimeinyima kwa makusudi

Asiyependa maneno mengi nimpe jibu mapema aende zake: kasha hili lina thamani yake. Ni filamu 8 za kutisha za studio ya Universal kwenye diski za Blu-ray, lililotolewa mwaka 2012, studio ilipotimiza miaka 100. Ndani mna Dracula na Frankenstein za 1931, The Mummy ya 1932, The Invisible Man ya 1933, Bride of Frankenstein ya 1935, The Wolf Man ya 1941, Phantom of the Opera ya 1943 na Creature from the Black Lagoon ya 1954. Baadaye yalitoka makasha mazito zaidi, yenye kila mwendelezo na kila mtoto wa fulani na binti wa fulani. Hayo ni ya walevi wa kupindukia kama mimi. Hili ni la mtu anayetaka nyama bila mifupa.

Nina fulana ya uso wa Boris Karloff, mwigizaji wa jitu la Frankenstein, nina vinyago vya plastiki vimejipanga juu ya rafu ya vitabu, na ukinikuta naosha vyombo huenda nikawa naimba wimbo wowote unaotaja makaburi. Lakini kama mashabiki wengi, sura hizi nilizijua kabla sijaziona filamu zenyewe. Dracula nilimpata kwa yule mwanasesere anayehesabu kila kitu kwenye Sesame Street. Jitu la Frankenstein nililipata kwa baba mpole wa familia ya The Munsters. Mambo ya kugeuka mbwamwitu nilifundishwa na Michael Jackson kwenye video ya Thriller. Na humo ndimo tunamopotezwa: nakala zimekuwa nyingi mno hadi mtu anaapa kwamba filamu yenyewe anaijua, kumbe hata dakika moja hajaitazama. Raha kubwa ya kasha hili ni kugundua jinsi wale wa asili wasivyofanana na vinyago vyao.

Chukua Dracula. Bela Lugosi, anayemcheza, hana meno marefu. Nimetazama, nimesimamisha picha, nimerudisha nyuma. Meno hayaonyeshwi popote. Silaha zake ni macho, ambayo mpiga picha Karl Freund aliyamulikia mwanga mwembamba huku uso uliobaki ukiachwa gizani, na vidole vinavyofunguka polepole kana kwamba kila kimoja kina akili yake. Halafu kuna ule ukimya. Ukiondoa kipande cha Tchaikovsky wakati majina yanapopita, na onyesho la ukumbi wa tamasha, filamu haina muziki wa kukuambia sasa ogopa. Mlango unalia, watu wananyamaza, basi. Kwenye nakala mbovu tulizozoea zamani, ukimya huo ulikuwa umejaa mikwaruzo kama mafuta yanachemka. Humu sauti imesafishwa, na kwa mara ya kwanza ule utupu ukawa utupu kweli. Ukitaka, unaweza kuwasha muziki aliouandika Philip Glass miaka mingi baadaye, ukipigwa na kundi la Kronos Quartet. Muziki mzuri. Mimi niliuzima.

Siyo kwamba filamu haina kasoro. Nusu ya pili imekaa sebuleni, watu wanasimama na kuhadithiana mambo ambayo tungependa kuyaona, kwa sababu imetokana na mchezo wa jukwaani na inaonekana. Na kwenye ngome ya Transylvania wanatambaa armadilo, wanyama wa bara la Amerika, sijui walipita njia gani kufika kule. Nawapenda kupita kiasi.

Sasa, kwenye diski hiyohiyo usiipite Dracula ya Kihispania. Filamu za sauti zilikuwa bado ngeni, mambo ya kuingiza sauti za lugha nyingine hayajakaa sawa, kwa hiyo studio iliamua kutengeneza filamu mara mbili. Mwongozaji Tod Browning na watu wake walipiga mchana. Usiku likaingia kundi jingine chini ya George Melford, kwenye majukwaa yaleyale na ngazi zilezile, likapiga hadithi hiyohiyo kwa Kihispania. Ndefu zaidi kwa karibu nusu saa, na kamera yake haikai: Conde, yaani Dracula mwenyewe, anapojitokeza kwenye ngazi, kamera inampandia, wakati kule kwa Browning imesimama ikingoja. Lupita Tovar ana moto ambao wenzake wa mchana hawaufikii. Tatizo ni Carlos Villarías, Dracula wa usiku. Anajitahidi, anatoa macho, anatabasamu, lakini Lugosi ni Lugosi. Ungeweza kumchukua Lugosi ukampeleka zamu ya usiku, ungekuwa na filamu moja kamili. Sehemu ya filamu hii ilikuwa imepotea hadi ilipopatikana Cuba, na ni bahati yetu kwamba ilipatikana.

Frankenstein ndiyo iliyonifanya nikae chini. Kwenye majina ya mwanzo, mahali pa mwigizaji wa jitu wameweka alama ya kuuliza tu. Karloff hakuwa mtu maarufu. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa William Henry Pratt, ameshacheza vijisehemu visivyohesabika. Fundi wa mapambo Jack Pierce ndiye aliyemkalia usoni kwa masaa kila siku ya kazi na kumtoa na kile kichwa bapa ambacho dunia nzima sasa inakichora. Kwa picha safi ya Blu-ray unaona kazi ilivyofanyika: kope zimetiwa nta zikawa nzito, shavu moja limebonyea ndani. Na ile rangi ya kijani ya kila kinyago? Filamu ni nyeusi na nyeupe. Ukijani tuliouzoea ulienezwa na mabango, vinyago na katuni.

Tazama jinsi linavyoingia. Mlango unafunguka, jitu linaingia kinyumenyume, mgongo kwanza. Linageuka taratibu. Kisha mwongozaji James Whale anakata mara moja, anakata tena, kila mkato ukikusogeza karibu na ule uso, bila hata sauti moja. Baada ya hapo Daktari Frankenstein, aliyeliumba, anafungua dirisha la darini, mwanga unashuka, na jitu linainua mikono kutaka kuushika. Dirisha linafungwa. Mikono inabaki imenyooshwa, viganja juu, inauliza. Karloff hana neno hata moja la kusema humo, ni miguno tu, na bado unajua kwamba hapo umeona mtoto mchanga ananyimwa.

Ndiyo maana onyesho la ziwani lina uzito. Jitu na binti mdogo Maria wanarusha maua majini yaelee. Maua yanakwisha, jitu, kwa akili yake, linaona mtoto naye ni kitu kizuri, ataelea. Linamrusha. Hakuelea, na linakimbia likiwa limechanganyikiwa. Kwa miaka mingi wakaguzi walikuwa wamekata hapo, picha inaishia linaponyoosha mikono kumshika, halafu baadaye baba anamleta mtoto amekufa mikononi. Fikiria kilichobaki kwenye kichwa cha mtazamaji! Walitaka kupunguza ukatili, wakamgeuza kiumbe mjinga kuwa kitu kibaya zaidi. Kipande hicho kilirudishwa miaka ya 1980, nacho kimo.

Bride of Frankenstein, ya Whale tena, naiweka juu ya zote, na sitabishana. Elsa Lanchester anacheza watu wawili: Mary Shelley, mwandishi wa riwaya ya Frankenstein, mwanzoni, na bibi harusi mwishoni. Bibi harusi mwenyewe, yule ambaye nywele zake zenye michirizi myeupe ziko kwenye kila sherehe ya Halloween, anaonekana dakika chache tu na hasemi neno. Anafoka kama bata maji mwenye hasira. Lanchester mwenyewe alieleza kwamba sauti hiyo aliichukua kwa bata maji wa London. Muziki wa Franz Waxman, kengele za harusi zikilia juu ya mitambo ya umeme, ni uchokozi mtupu. Na yupo yule mzee kipofu wa msituni anayelipokea jitu, analipa mkate na sigara, analifundisha neno rafiki. Mwongozaji Mel Brooks alilichekea onyesho hilo mwaka 1974 kwenye Young Frankenstein, tena kwa mapenzi, akatumia hata mitambo ya maabara ya Kenneth Strickfaden ileile ya 1931. Nilikuwa nimeona kichekesho kwanza. Nikadhani nitacheka.

The Mummy itawachosha wengi: aliyefungwa vitambaa anaonekana kitambo kidogo mwanzoni, kisha Karloff anatembea na kofia na kanzu, mkavu kama karatasi ya zamani. Hicho kitambo kidogo, na kicheko cha kijana aliyerukwa akili kwa alichokiona, kinatosha. The Invisible Man ni ya Claude Rains, ambaye uso wake tunaupata sekunde za mwisho tu. Kazi yote ameifanya kwa sauti. Ujanja wa John Fulton, kumvika mtu mahameli meusi mbele ya mahameli meusi kisha kuunganisha picha, bado unanipa tabasamu. The Wolf Man imeandikwa na Curt Siodmak, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, na humo mtu aliyelaaniwa anaona nyota kwenye kiganja cha mtu atakayekuwa windo lake. Ukishajua aliyeandika alitoka wapi, ile nyota haikuachii. Yale mashairi ya mbwamwitu ambayo watu huyanukuu kama ya mababu wa kale, aliyatunga Siodmak.

Basi tufike kwenye nyota niliyoinyima. Phantom of the Opera ya 1943 ina rangi za kupendeza, ilichukua Oscar ya upigaji picha na ya mandhari, na sina ugomvi na Rains. Ila watu wanaimba! Wanaimba, wanapumzika, wanaimba tena, na mzuka mwenyewe anapewa nafasi kama mgeni asiyealikwa. Universal hiyohiyo ilikuwa na Phantom ya 1925 ya Lon Chaney, ambaye uso wake ukifunuliwa bado unanirusha kwenye kiti. Kuiacha hiyo nje ya kasha linalojiita la mazimwi ya Universal ni kama kupika pilau ukasahau mchele.

Ya mwisho inasamehe mengi. Kiumbe cha Creature kilikuwa na watu wawili: Ben Chapman nchi kavu, Ricou Browning majini, akiogelea bila mtungi wa hewa ndani ya vazi zito. Sura yake ilibuniwa na Milicent Patrick, ambaye sifa zake zilimezwa na mkuu wa idara ya mapambo ya studio kwa miaka mingi. Pale msichana anaogelea juu, na kiumbe kinaogelea chini yake, tumbo juu, kikiiga kila mkono na kila teke bila kumgusa, ndipo mwongozaji Guillermo del Toro alipopata mbegu ya The Shape of Water. Toleo la 3D nalo limo, ukiwa na televisheni yake.

Maelezo ya sauti, yale ya kusikiliza huku filamu ikienda, ya David J. Skal kwenye Dracula na ya Tom Weaver kwenye The Wolf Man na Creature yasikilizwe. Weaver hasa ana ucheshi wa mtu aliyekwisha kubishana na kila shabiki. Ukinunua kasha lililotumika, mwambie muuzaji akupigie picha za kila diski kwa upande wa chini. Aliyeniuzia mimi aliniapia ni mpya kabisa, na diski ya The Mummy ilikuja na mchubuko kutoka ukingo hadi katikati. Nililazimika kuitafuta peke yake.

Kama hujawahi kugusa filamu hizi, usianze na Dracula kwa sababu tu iko mbele. Weka Frankenstein, dakika kama 70, kisha Bride usiku uleule, dakika 75. Zima taa na simu. Phantom iache iwe ya siku una nguo za kupiga pasi.