Likizo ya mwezi wa sita Dar: mitoko ya watoto inayostahili pesa yako

Habari zenu, wazazi wenzangu. Shule zimefungwa, sare zimefuliwa na kukunjwa, na tuna mwezi mzima wa watoto nyumbani. Kwenye video ya leo sichambui simu wala blenda. Nachambua mitoko ya watoto hapa Dar es Salaam, ile ambayo familia ya kawaida inaimudu, na nitakwambia wazi upi unastahili pesa yako na upi uuache.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: ukiwa na pesa kidogo ya likizo, ilipie nauli kwanza, kiingilio baadaye. Watoto wetu wanalijua jiji hili kupitia dirisha la basi la shule. Alfajiri anaondoka na usingizi, jioni anarudi amesinzia. Kuna mtoto wa Kimara anamaliza darasa la saba hajawahi kupanda pantoni! Huyo usimpeleke kwanza kwenye jengo la maduka kuzungushwa kwenye kigari cha umeme. Mpandishe vyombo. Mwendokasi, pantoni, boti, treni. Kwa mtoto, safari yenyewe ndiyo mtoko.

Kila mahali naangalia mambo yale yale: choo kikoje, kivuli kipo, na mtoto anakaa muda gani kabla hajaanza kunivuta mkono turudi nyumbani.

Tuanze na wa bei rahisi kuliko yote. Unapanda mwendokasi Kimara, unateremka Kivukoni mwisho wa njia, safari nzima ya kuangalia jiji. Hapo hapo ukitembea kidogo uko Feri. Nauli ya pantoni ya kwenda Kigamboni kwa mtu mzima ni shilingi 200. Sasa angalieni hii picha niliyorekodi. Geti likifunguliwa watu wanakwenda mbio, kila mmoja anataka kuwahi. Wewe huna haraka, uko likizo. Kaa pembeni na wanao, waache wenye haraka wapite, kisha ingieni mkiwa mmeshikana mikono, na msimame ubavuni, mbali na magari na bodaboda. Mtoto wa miaka mitano hatakumbuka Kigamboni ikoje. Atakumbuka ule mlango wa chuma unavyoshuka ukakwaruza zege, na mikokoteni inavyosukumwa kutoka. Mkibahatika, meli kubwa ya makontena itakuwa inaingia bandarini, maana mlango wa bandari ndio huo huo. Hapo pantoni inaisubiri ipite, na watoto wote wanakuwa kimya.

Mkirudi upande wa mjini, piteni soko la samaki. Nendeni asubuhi wakati mnada umechangamka. Waonyesheni nguru, kolekole, changu, pweza, wajue samaki anakuwa na kichwa na mkia kabla hajawa kipande kwenye sahani. Valisheni viatu vya kufunga, chini kuna maji muda wote. Choo cha eneo hilo sikisifii, kwa hiyo malizeni haja kabla.

Mtoko huu naupa tisa kwa kumi. Kwa pesa unayotumia, sijaona unaoukaribia.

Sasa bahari. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wetu tuliokulia bara tunapanga siku ya ufukweni kwa kuangalia jua tu. Angalia mwezi. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, inakuja bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita 3. Na kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa tena alasiri kwenye saa kumi. Baada ya hapo, kila siku saa inasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukifika nusu, yaani siku za maji mafu, mambo yanageuka: saa nne asubuhi unakuta maji yamejaa, ila hayapandi sana wala hayashuki sana.

Faida yake kwa mtoto ni hii. Siku ya bamvua, nenda Coco Beach asubuhi. Kuingia ni bure. Maji yamekimbilia mbali, miamba imebaki wazi, na kila shimo la mwamba limebaki na kidimbwi chake. Tazameni hapa, niliishusha kamera mpaka karibu na maji. Kile chenye mikono mitano ni kiti cha pweza. Kile kinachofanana na soseji ni jongoo bahari, kimetulia tu mchangani. Na huyu anayekimbia kavaa kombe la konokono ni kaa, nyumba si yake, kaiokota. Mwanangu aliinama hapo mpaka magoti yakaandika alama za mwamba, na hakuuliza simu hata mara moja. Kuna wale wa duara wenye miiba mirefu myeusi, hao wasiguswe. Raba au kandambili zenye mkanda wa nyuma ni lazima, mwamba unakata. Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, maana chini yake kuna viumbe wanaokufa kwa jua. Na ukiona maji yanaanza kurudi, toka na watoto mwambani mapema. Yanarudi kwa utulivu, ukishtuka yamekuzunguka nyuma.

Kuogelea Coco na watoto wadogo mimi sishauri. Kuna mawe na kuna mkondo. Fanyeni uchunguzi wenu kwenye vidimbwi, kisha mkae kwenye mchanga mle mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili kidogo kwa wakubwa. Kivuli hakitoshi, kofia muhimu.

Anayetaka watoto waogelee, nampeleka kisiwani. Bongoyo boti zake zinatokea Msasani, Mbudya zinatokea upande wa Kunduchi. Visiwa hivi viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, ndiyo maana juu ya nauli ya boti kuna tozo ya hifadhi. Uliza jumla yote kabla hujapanda: boti kwenda na kurudi, tozo, banda la kivuli, na kama kuna kingine. Usikubali kuambiwa "tutaelewana huko huko". Beba maji ya kunywa ya kutosha, kwa sababu huko kila kitu kimevushwa kwa boti na bei inafuata.

Jambo la jaketi la kuokolea siwezi kulipita haraka. Nahodha akikupa jaketi la mtu mzima umvalishe mtoto wa miaka minne, kataa. Mtoto akiingia majini, jaketi linapanda juu na yeye anateleza kwa chini. Omba la watoto, lifunge mikanda yote, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likimfikia masikioni, halimfai. Kama hakuna saizi yake, shukeni, mtakwenda siku nyingine. Nasema hivi nikijua watoto watalia. Walie.

Na mwezi huu wa sita kusi linavuma. Asubuhi bahari inakuwa tulivu zaidi, mchana upepo unapanda na mawimbi yanapanda nao. Nendeni mapema, mrudi kabla ya alasiri kukolea. Makombe mnayoyaona huko yaacheni huko, hifadhini hairuhusiwi kuyachukua. Mtoko huu naupa nane. Ungepata zaidi kama gharama zake zingekuwa zimeandikwa ubaoni kila mtu akaziona.

Kijiji cha Makumbusho. Kila siku konda anapiga kelele "Makumbusho, Makumbusho!" na sisi tunashuka kituoni tunaendelea na shughuli zetu, wakati chenyewe kipo pale pale, tangu 1966. Ndani kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, mtoto anaingia. Msonge wa Wahaya nyasi zake zinashuka mpaka chini, ukiingia giza linakupokea na ubaridi mzuri. Tembe la Wagogo paa lake ni bapa, limefunikwa udongo. Watoto wangu walitaka kujua ng'ombe analala wapi na mtu analala wapi, na moshi unatokea wapi. Ushauri wangu: kama bibi au babu yuko mjini, amekuja kwa matibabu au kwa harusi, mchukue. Mwongozaji wa pale anaeleza vizuri, lakini bibi akisimama mlangoni akasema "mimi nilizaliwa kwenye nyumba kama hii," watoto wanamkodolea macho kama hawajawahi kumwona. Miti ipo, kivuli kipo, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Ulizeni siku za ngoma kabla ya kwenda. Hiki nakipa tisa, na kwa familia yenye wazee nakipa kumi.

Makumbusho ya Taifa yaliyopo Mtaa wa Shaaban Robert ni mazuri pia, ila kwa watoto wakubwa kidogo, wa kuanzia darasa la tatu hivi, wanaoweza kusoma maelezo. Humo utamwonyesha habari za Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwezi wa saba 1959, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.75. Wadogo wao watakimbilia magari ya kale. Mkitoka hapo, Maktaba Kuu ya Taifa iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 9, 1967, na ina sehemu ya watoto. Siku ya mvua au ya mfuko mtupu, hapo pananitosha.

Kisha kuna hivi viwanja vya kurukia, vya maboya ya kupuliza na mateleza. Sitaji jina la mtu. Mahali nilipokwenda mimi tulilipia nusu saa kwa kila mtoto, soksi zao tukanunua kwa lazima, mzazi anayekaa tu kwenye benchi naye akalipa kiingilio, na maji ya kunywa ya nje hayakuruhusiwa. Nusu saa ilipoisha watoto walikuwa ndiyo wanaanza kuchangamka. Nikahesabu: kwa pesa hiyo tungekwenda Kigamboni na kurudi na kila mtu akala samaki. Kama ni siku ya kuzaliwa na wameomba, sawa. Kama mtoko wa likizo, naupa nne.

Namalizia na ule wa kujichangia: treni ya umeme kwenda Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo. Imeanza kubeba abiria Juni 14, 2024, na nauli ya kawaida iliyotangazwa ilipoanza ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, chini ya miaka 4 bure. Hesabu ya baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi: 39,000 kwenda, 78,000 kwenda na kurudi. Si pesa ndogo. Lakini basi linakuchukua saa nne na zaidi kutegemea foleni ya Kibaha, na humo mtoto anatapika. Treni ni kama saa mbili, mtoto anatembea, anakwenda choo safi, na kwenye kioo cha ndani anaona mwendo unavyopanda mpaka 160 kwa saa. Watoto wa behewa zima walikuwa wanazisoma namba kwa sauti: mia na hamsini na nane! Mia na hamsini na tisa! Na baba mmoja mtu mzima alikuwa anasoma nao.

Kaeni upande wa dirisha, na mkikaribia Morogoro muanze kuitafuta milima ya Uluguru. Stesheni ya Morogoro iko nje ya mji, kwa hiyo tengeni nauli ya bajaji au daladala. Sisi tulikwenda Rock Garden, kule chini ya mlima maji yanapita kwenye mawe, ya baridi kweli kweli mwezi huu, chukueni masweta. Kitu kikubwa ni tiketi ya kurudi: kateni zote mbili kwa pamoja kabla ya kuondoka Dar, maana wakati wa likizo zinajaa, hasa Ijumaa na Jumapili. Kitambulisho msisahau, na mfike stesheni mapema. Treni hii ikifika saa yake inaondoka, haina "subiri kidogo kuna mtu anakuja".

Mimi ningeipa kumi. Naondoa moja kwa sababu ya bei, maana familia yenye watoto watano au sita haiwezi, na ndizo familia zetu.

Video ijayo naelekea Pugu Kazimzumbwi, kwenye msitu na yale mapango yenye popo upande wa Kisarawe. Mlioenda na watoto wadogo, niandikieni hapo chini: njia ya kuingia mapangoni inapitika ukiwa na mtoto wa mgongoni, au nimwache kwa shangazi yake?