Meloksikamu ya maji kwa mbwa mwenye ugonjwa wa nyonga: tathmini baada ya kuitumia kwa muda mrefu

Dawa ninayoitathmini ni meloksikamu ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye miligramu 1.5 katika kila mililita, ambayo mimi huinunua kwa cheti cha daktari wa mifugo hapa Dar es Salaam. Chapa inayojulikana zaidi duniani ni Metacam ya kampuni ya Boehringer Ingelheim, lakini zipo nyingine zenye kiambato kilekile na nguvu ileile, na ninayoinunua ni mojawapo ya hizo. Kwa hiyo ninayoyaeleza yanahusu dawa yenyewe kuliko jina lililobandikwa kwenye chupa. Anayeitumia ni mbwa wangu dume wa jamii ya German Shepherd, mwenye kilo 30, ambaye nyonga zake zote mbili zina hitilafu ya kurithi na sasa zimeingiwa na baridi yabisi, na ambaye pamoja na maumivu yote hayo hajapungukiwa hata kidogo na hamu ya kukimbia.

Ugonjwa huu huwapata zaidi mbwa wa maumbo makubwa, wakiwemo German Shepherd, Labrador na Rottweiler. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga, kiungo kinalegea, gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, inasagika, na mwili katika kujaribu kukiimarisha kiungo huotesha mfupa pembeni, jambo linalozidi kukikaza. Hauna dawa ya kuuponya, bali unatunzwa. Mbwa mpole huyadhihirisha maumivu mapema kwa kuwa hulala na kukataa kuinuka, lakini mbwa mchangamfu huyaficha: jioni anakimbia huku miguu miwili ya nyuma ikiruka kwa pamoja kama ya sungura, na asubuhi ya pili yake anajiinua kwa miguu ya mbele peke yake, kiuno kikitetemeka, kisha anasimama kitambo kabla ya kuthubutu hatua ya kwanza. Mwenye mbwa wa namna hii asimpime kwa mbio zake za jioni. Ampime kwa namna anavyoamka.

Meloksikamu imo katika kundi la dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo na steroidi, kundi moja na diklofenaki na ibuprofeni. Hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na maumivu katika kiungo. Maelekezo ya dawa yanasema kwamba kwa kawaida nafuu huonekana ndani ya siku 3 hadi 4, na kwamba isipoonekana hata baada ya siku 10, dawa isimamishwe. Kwa mbwa wangu nafuu ilikuja ndani ya muda huo, na ilijitokeza mahali ambapo sikuwa nimeelekeza macho. Mbio hazikuongezeka, kwani mbio zilikuwapo tangu zamani; alianza kulala usiku kucha bila kuhamahama, na akaacha kujilamba juu ya nyonga ya kushoto, mahali ambapo manyoya yalikuwa yameshageuka rangi ya kutu kwa sababu ya mate. Wiki chache baadaye manyoya mapya yaliota yakiwa na rangi yake ya asili, na kwangu huo ulikuwa ushahidi mzito kuliko mwendo wake.

Kipimo ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza, kisha miligramu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Kwa mbwa wa kilo 30 hiyo ni mililita 2 kwa siku, kwa hiyo chupa ya mililita 100 humtosha takriban siku 50. Bomba la kupimia linalokuja na chupa limewekewa alama za kilo za mbwa badala ya mililita, na huo ni usanifu mzuri sana, kwa sababu hata ndugu anayebaki nyumbani mwenyewe akisafiri huvuta dawa hadi kwenye uzito wa mbwa bila kupiga hesabu yoyote. Kasoro ni kwamba kwenye chapa ninayoinunua alama hizo hufifia kwa kuoshwaoshwa, nami nimelazimika kuchora mstari wangu kwa kalamu ya wino usiofutika. Chupa itikiswe vizuri kila mara kabla ya kuvuta. Ladha yake ni tamu, na mbwa wangu huilamba bila kubembelezwa, ndiyo maana chupa hukaa juu kabisa ya kabati.

Wenye mbwa wachangamfu wana jambo la kuzingatia zaidi ya wengine. Dawa huondoa maumivu lakini haikazi kiungo kilicholegea, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwambia mbwa apunguze mwendo. Akishayakosa, atauruka ukuta wa bustani kwa nyonga zilezile mbovu. Kwa hiyo ninaipa dawa hii sifa zote hizi kwa sharti kwamba mwenye mbwa mwenyewe ndiye atakayeshika breki. Sisi tulibadilisha mambo mengi: matembezi mafupi asubuhi na jioni akiwa kwenye kamba, kwa urefu uleule kila siku, badala ya mbio ndefu za Jumapili, mpira wa kurushiwa uliondolewa kabisa, kwa kuwa kugeuka ghafla ndiko kunakoumiza zaidi, ubao wa kupandia uliwekwa nyuma ya pikapu, na sakafu ya vigae, ambayo miguu ya nyuma ilikuwa ikiteleza juu yake, ilitandikwa mikeka ya mpira. Kilichosaidia kupita yote ni kuogelea. Maji yakijaa tunavuka kwenda Kigamboni, naye huogelea sambamba na ufuo, nyonga zikifanya kazi bila kubeba uzito wa mwili, kisha anatoka akiwa kwenye kamba ili asianze kutimua mbio kwenye mchanga laini.

Akili yake nayo inahitaji kazi, kwa kuwa mbwa wa jamii hii walizalishwa kuchunga kondoo na hawatulii kwa kuambiwa watulie. Ninaficha dagaa wachache ndani ya gunia lililokunjwakunjwa na kumwacha awatafute kwa pua, na kazi hiyo humchosha vizuri bila kumlazimisha kupiga hatua nyingi. Uzito nao si jambo la kupuuza: katika utafiti wa kampuni ya Purina uliowafuatilia Labrador 48 tangu wakiwa wadogo hadi kufa kwao, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002, mbwa waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi takriban miaka 2 zaidi, na baridi yabisi iliwachelewa. Kikombe cha ugali kinachopunguzwa leo ni sehemu ya tiba kama ilivyo mililita 2 za dawa.

Hatari zake ni za kweli. Prostaglandini zilezile hulinda utumbo na figo, hivyo kutapika, kukataa chakula, kuhara au kutoa kinyesi cheusi ni sababu ya kusimamisha dawa siku hiyohiyo na kumpigia daktari. Mbwa aliyepungukiwa maji mwilini asipewe, na kwa joto la Dar es Salaam, mbwa asiyetulia hufika hali hiyo upesi. Maji ya kunywa yawepo kila mahali. Isichanganywe na deksamethasoni wala prednisoloni, dawa za steroidi ambazo mbwa huchomwa au kupewa mara nyingi kwa ajili ya miwasho. Damu ipimwe figo na ini kabla ya kuanza, na irudiwe kila baada ya muda daktari atakaoupanga. Nimewahi kuona duka likiuza chupa bila hata kuuliza umri wa mbwa, na hilo linanisikitisha sana. Vidonge vya binadamu visiguswe: kidonge kimoja cha meloksikamu cha miligramu 7.5 ni mara mbili na nusu ya kipimo cha kila siku cha mbwa wa kilo 30, na diklofenaki au ibuprofeni zilizobaki kabatini zinaweza kumuua.

Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi haina hata sentensi moja ya Kiswahili, na hilo linapaswa kurekebishwa.

Kwa mbwa mchangamfu mwenye figo na ini salama, ambaye nyumba yake iko tayari kumpangia mwendo, ninaipendekeza dawa hii bila kusita, na nitaendelea kuinunua. Ikiwa vipimo vya damu vya mbwa vinaikataa dawa hii, mwenye mbwa amuulize daktari kuhusu sindano ya kila mwezi ya Librela, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023, ambayo hufanya kazi kwa njia tofauti, na amuulize pia kuhusu madhara ya mishipa ya fahamu ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha madaktari wa mifugo mwishoni mwa 2024.