Karatasi niliyopewa baada ya upasuaji wa jicho

Daktari aliyenipasua ana mkono wa baraka, na hilo nalisema kwanza nisije nikamdhulumu kwa hasira niliyo nayo kwa mwingine. Kisukari nimeishi nacho miaka mingi, kikaotesha mishipa dhaifu ya damu nyuma ya jicho langu la kulia. Mishipa ikavuja, kisha makovu yakaanza kuivuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, itoke mahali pake. Mwaka jana, vuli ilipoanza, nilisafiri kutoka Tanga hadi hospitali moja ya Dar es Salaam nikafanyiwa vitrektomi: ute uliochanganyika na damu uliondolewa, makovu yakakatwa, retina ikapigwa leza, na jicho likajazwa gesi ya kuishikilia. Katika hayo yote sina neno.

Neno ninalo kwa mhudumu wa dirisha la kuruhusu wagonjwa. Jicho moja limefungwa bandeji, la pili linaona ukungu, naye akanisukumia karatasi ya Kiingereza yenye herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Nilipomuuliza nilale vipi, alijibu bila kuinua uso, “Bibi, si umepewa karatasi? Wenzako wanasubiri.” Nina umri wa kumzaa mama yake, na hata shikamoo yake sikuipata.

Nikarudi kwetu Ngamiani, Tanga, nikalala chali siku mbili. Mjukuu wangu alipokuja na kunisomea, ndipo tulipojua kwamba nilitakiwa kulala kifudifudi, kwa sababu gesi hupanda juu, na uso ukiwa chini ndipo inapoikandamiza retina huko nyuma. Karatasi ilikataza pia ndege na milima hadi gesi iishe, maana hewa ikiwa nyepesi gesi hutanuka na jicho linaweza kupofuka. Nami nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wa kwenda kupumzika kwa mdogo wangu Lushoto, huko milimani!

Nilikusudia kuandika kwamba mtu asikanyage pale. Lakini siku ya marudio daktari alisema retina imeshika, na sasa nasoma jina la kanga yangu bila kuisogeza usoni. Kila nikilisoma, hasira hulegea. Kisha nawakumbuka wagonjwa waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, wasio na wa kuwasomea, nayo hurudi kali kuliko mwanzo.

Jicho la kushoto nalo limeanza kuona nyuzi nyeusi. Nitakwenda kwa daktari yuleyule, mjukuu akiwa nami mpaka dirishani, na sitaondoka pale kabla ya kuambiwa kwa Kiswahili namna ya kulala.